Mchanga wa mvua uondolewe, tuteleze Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie zoezi ambalo wengi hulichukulia kuwa mchezo wa watoto: kuteleza kwa viatu ambavyo kila kimoja kina magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja. Mguu husukuma kwenda pembeni na goti hubaki limekunjwa muda wote, hivyo mapaja, makalio na nyonga hufanya kazi kweli kweli. Tena kisigino hakigongi lami kama katika kukimbia, na magoti husalimika.

Raha yake nyingine ni kuujua mji. Asubuhi ya Jumapili, magari yakiwa machache, barabara za Capri Point zinakuonyesha ziwa na majabali kwa mwendo unaotosha kutazama. Unatambua vimwinuko ambavyo abiria wa daladala havimgusi. Hata upepo unaujua: alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Anayetoka jioni aanze kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka, umsukume mgongoni.

Anayenunua mtumba akague kwa makini. Kwaruza gurudumu kwa ukucha. Likimeguka au likinata limezeeka, hata kama halijatembea. Kwa anayeanza, magurudumu ya kipenyo cha milimita 72 hadi 80 yanatosha. Kila moja lina beringi mbili, yaani pete za chuma zinazoliwezesha kuzunguka, namba 608 (tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22, upana 7), maana yake jozi nzima ina beringi 16. Katikati ya beringi hizo mbili hukaa kibomba kidogo. Kikikosekana, ukikaza ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu, beringi hubanwa na gurudumu hugoma kuzunguka. Kiatu chenyewe kikubane: ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo.

Kabla ya kujifunza kwenda mbio, jifunze kusimama. Breki ni kipande cha mpira nyuma ya kiatu, mara nyingi cha kulia. Kunja magoti, sogeza mguu wenye breki mbele ya mwenzake, inua vidole mpaka mpira uguse lami, kisha kandamiza polepole huku mikono ikiwa mbele. Wengi huanguka hapa kwa sababu wanaogopa na kuegemea nyuma. Magurudumu hukimbia, mwili ukabaki. Basi fanyeni mazoezi kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare, na miteremko ya Mwanza isubiri hadi breki iwe imezoeleka. Kofia ngumu na vikinga vya magoti na viwiko ni lazima, lakini cha kwanza kununua baada ya kofia ni vikinga vya viganja, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza mikono, na kifundo cha mkono ndicho huvunjika zaidi.

Adui mkubwa hapa kwetu ni mchanga. Mvua ikinyesha huuteremsha kutoka vilimani na kuulaza pembeni mwa lami, palepale anapopita asiye na gari. Gurudumu dogo likiuingia husita ghafla na mtu hupaa mbele. Chembe zake huingia kwenye beringi, nazo huanza kusaga. Usizioshe beringi kwa maji, zitashika kutu. Zichomoe, zisuuze kwa mafuta ya taa mbali na moto, zikauke kabisa, kisha tia tone moja la oili ya cherehani. Magurudumu nayo huliwa zaidi upande wa ndani: badilisha la kwanza na la tatu, la pili na la nne, na kila moja uligeuze.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela mambo mawili. Mchanga ufagiliwe pembeni mwa barabara siku inayofuata mvua kubwa, si mitaani katikati ya mji tu. Pili, mifuniko ya mitaro ambayo nondo zake zimelala kufuata uelekeo wa barabara igeuzwe, nondo zikatize. Nafasi kati ya nondo hizo humeza gurudumu letu, na tairi jembamba la baiskeli pia.

Mpenda viatu vya magurudumu,
Kirumba, Mwanza