Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: pombe yetu iingie maabara

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Temeke. Juzi niliandika ubaoni jina la hamira moja, Schizosaccharomyces pombe, darasa likaangua kicheko. "Mwalimu, pombe hii hii?" Hii hii. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliikuta hamira hiyo kwenye machicha ya pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaipa jina kwa neno letu.

Kwa hamira hiyo Paul Nurse wa Uingereza aliichambua jeni inayoamua lini seli igawanyike. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee wakaonyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kushika nafasi ya ile ya hamira, na seli ikagawanyika vilevile. Nurse alitunukiwa Nobel mwaka 2001.

Mimi kinachonivuta zaidi ni kilichogunduliwa kwenye hamira hiyo mwaka 2002. Kila kromosomu, yaani uzi wa DNA unaobeba jeni, ina sentromia, mahali inaposhikwa seli inapogawanyika. Pembezoni mwake, vipande vidogo vya RNA, molekuli jamaa ya DNA, huziongoza protini zije kuikunja DNA, ibanane kama jamvi lililoviringishwa, jeni za humo zisisomeke. Kunyamazishwa huko ndiko kunakosaidia kromosomu pacha zishikamane hadi saa ya kuachana. Kukiharibika, kromosomu nyingine hubaki nyuma, seli moja ikazidishiwa na mwenzake ikapunjwa. Hesabu iliyovurugika hivyo huonekana katika saratani nyingi, na wapo wanafunzi wangu wanaoijua hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa kumsindikiza mama au shangazi. Somo hili linawahusu hasa.

Mheshimiwa, tunayo darubini moja kwa mikondo miwili. Mtoto hufika zamu yake, akiinama tu kuangalia, kengele inalia.

Naomba hamira hii iingizwe kwenye mazoezi ya vitendo ya kidato cha sita, na shule zipewe darubini za kutosha kuifanyia kazi. Haina madhara, hukua kwenye chakula chepesi chenye sukari, hugawanyika ndani ya saa chache. Ukikuza mara 400 unaona seli yenye umbo la kijiti imejijengea ukuta katikati, tayari kuwa mbili.

Zoezi lenyewe niko tayari kuliandaa bila malipo, na kuwaelekeza walimu wenzangu siku za Jumamosi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa baiolojia, Temeke, Dar es Salaam