Salamu za Shukrani: Mazishi ya Mjomba Wetu Padre, Ndanda

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi wapwa, ndugu na ukoo mzima wa marehemu mjomba wetu Padre, Makamu Mkuu mstaafu wa chuo kikuu cha Kanisa, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha na kutuwezesha kumpumzisha mpendwa wetu nyumbani Ndanda, Mei 2024.

Siku zile zilikuwa nzito mno. Kaburi limeshachimbwa, misa imeshapangwa, mwili bado uko Dar es Salaam. Kimbunga Hidaya kikapiga, mafuriko yakakata barabara ya Kusini pale Somanga, magari yakasimama pande zote mbili. Wafiwa wengi waliotangulia walikwama humo ndani ya mabasi. Huku nyumbani mama yetu mkubwa, dada wa marehemu wa tumbo moja, alikaa mkekani barazani, na kila gari lililonguruma barabarani aliuliza, "Ndiye?" Mara zote tulimjibu bado. Vijana wa jumuiya walifunika kaburi kwa mabati na turubai, wakakesha kwa zamu wakichota maji yaliyopenya. Wanetu, hatuna cha kuwalipa.

Na wewe mama wa Somanga! Uliwachukua watoto wetu kutoka kwenye basi, ukawapa chumba, ukawapikia wali na samaki, ukakataa hata shilingi. Ulipoambiwa wanakwenda kumzika padre ulisema "Innalillahi", ukawaongezea mkeka. Katika pilikapilika zile hakuna aliyekuuliza jina. Mungu analijua.

Mjomba alitoka Ndanda, akapita seminari ya Namupa, akaendelea Peramiho, kisha masomo ya juu na miaka mingi ya ualimu kabla ya kukabidhiwa chuo. Alipenda kutusimulia jinsi chuo kidogo cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanza mwaka 1960 kilivyokua hadi maaskofu wakakifanya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mwaka 1998, na jinsi mwaka 2009 SAUT ilivyotuletea chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris hapa Mtwara. Hakuwahi kufanya kazi Stella Maris, lakini aliisifia kama mtoto wake, kwa sababu alijua mtoto wa Kusini alivyokuwa akisafiri mbali kutafuta shahada. Ofisini kwake, muhula ulipoanza, mzazi mkulima wa korosho hakufukuziwa mtoto kwa ajili ya ada. Alijua fedha haipo mpaka minada ianze Oktoba na chama cha msingi kilipe. Aliandika kwa mkono wake, "Asubiriwe mpaka mnada," akatia sahihi. Msibani walikuja watu wazima, walimu na wahasibu, na mmoja alikuwa bado anayo karatasi hiyo, imekunjwa hadi imechanika kwenye mikunjo. Sisi wapwa hatukuwa tumeijua habari hiyo. Kwetu alikuwa mjomba tu, wa kutugombeza na kutusomesha.

Tunamshukuru Baba Askofu wa Jimbo la Mtwara, Abasia ya Ndanda na watawa wote, mapadre, madaktari na wauguzi, uongozi na wanafunzi wa zamani wa chuo, vyama vya Kanisa vya wanawake, wanaume na vijana (WAWATA, UWAKA, VIWAWA), kwaya, jumuiya ndogondogo, majirani Waislamu na Wakristo, viongozi wa kijiji, waliochanga kwa simu, waliopika, waliochota maji, waliobeba jeneza. Dereva wa gari la mwili, uliyekwenda kila asubuhi kuulizia njia na kutupigia simu kabla hatujauliza, ulikuwa ndugu yetu siku zile.

Tunaomba radhi sana kwa wote ambao hatukuwataja. Ni wengi, na wapo waliofanya makubwa kuliko tuliowataja. Pia mtusamehe mliofika siku ya awali ya mazishi mkarudi bila kuzika. Wengine mlitoka Newala na Nachingwea kwa gharama zenu, na hatukuwa na namna ya kuwajulisha mapema.

Misa ya arobaini itasomwa parokiani Ndanda, na baada yake tutakula pamoja nyumbani. Karibuni wote.

Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.