Ukishaua mbweha, mzoga unaupeleka wapi?

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote wa gazeti hili. Mimi nina duka la dawa za mifugo hapa Ngaramtoni, Arusha. Naandika kuhusu kitu ambacho nakiona kila msimu mbuzi na kondoo wakizaa, watu wanaua mbweha, wakati mwingine fisi, alafu basi, mzoga unabaki pale pale ulipoangukia au unaburutwa na kutupwa korongoni, pembeni ya barabara, popote tu, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake kama vile kazi imeisha.

Kuhusu kuua kwenyewe sitabishana na mtu leo. Mfugaji anayeamka alfajiri akakuta vitoto viwili vya mbuzi vimeliwa na cha tatu kinaburuza utumbo, hasira zake nazijua, wengi ni wateja wangu na wengine ni ndugu zangu kabisa, na hicho kifuta jasho cha serikali ukikisubiri unasubiri sana. Mimi naongelea baada ya hapo. Mnyama kashalala chini, nani anahusika naye?

Swali hili limenikaa zaidi tangu mdogo wangu anayeendesha malori Marekani atutumie picha kwenye grupu la familia. Ni Texas, fensi ya senyenge pembeni ya barabara, na juu yake wametundikwa koyote vichwa chini, wengine wabichi, wengine wameshakauka wamebaki ngozi na mifupa. Shangazi akauliza hao mbwa wamekosa nini. Sio mbwa, koyote ni jamii moja na mbweha wetu ila mkubwa kidogo, na kwenye majimbo mengi ya kule unampiga mwaka mzima bila kikomo cha idadi, wafuga kondoo na ng'ombe wanamchukia kama sisi tunavomchukia fisi. Nikaanza kumsumbua dogo kwa maswali na kusoma mwenyewe, nilitaka kujua hao wenzetu wenye bunduki nzuri na leseni mkononi wanamfanyia nini mnyama wakishampiga.

Wapo wanaochuna. Baridi ikikolea manyoya ya koyote yanakuwa mazito, na yale manyoya unayoyaona yamezunguka kofia za majaketi ya bei mbaya mengi yalikuwa ya kwake. Ni kazi ya mikono hiyo, unachuna akiwa bado ana joto, unakwangua mafuta yote, unaivalisha ngozi kwenye ubao ikauke, ndo upeleke sokoni. Sasa soko lenyewe limeanguka. Mwaka 2019 kampuni kubwa ya mnada wa ngozi ya huko Kanada, North American Fur Auctions, ilielemewa na madeni, alafu 2021 Canada Goose, wale wa majaketi, wakatangaza hawanunui tena manyoya na mwisho wa 2022 wanaacha kabisa kuyatumia. Mwindaji anapiga hesabu ya kisu, ubao na mafuta ya gari anaona haimlipi, anamwacha koyote na ngozi yake.

Wapo wanaokata kipande tu. Jimbo la Utah tangu 2012 linalipa dola 50 kwa koyote mmoja ili kulinda kulungu wao, na ili ulipwe unapeleka ngozi ya kichwa ikiwa na masikio yote mawili pamoja na taya la chini. Basi, masikio na taya. Mwili mzima uliobaki hakuna anayeuulizia. Nikisema ukweli hiki ndicho kilichoniuma kuliko hata zile picha za fensi, manake hapo ni serikali yenyewe imeweka utaratibu mzuri wa kuhesabu masikio na haikuweka wa mwili.

Na kuna mashindano. Watu wanajiandikisha kwa timu, wanaingia porini siku mbili tatu, wanarudi na koyote wamerundikwa nyuma ya pikapu, wanapimwa kwa mizani, mwenye wengi au mwenye mzito anachukua zawadi. Wakishapimwa, safari ya wengi wao inaishia dampo au shimoni. Wamarekani wenyewe wamegawanyika kwenye hili, California ilipiga marufuku zawadi za namna hiyo 2014, Vermont ikafuata 2018, New Mexico 2019, na New York sheria yao ilisainiwa 2023. Massachusetts nimewapenda zaidi, 2019 walikataza mashindano na hapo hapo wakakataza kuua mnyama wa namna hiyo na kumwacha aharibike bure. Yani kanuni inamfuata mwindaji mpaka kwenye mzoga. Hiyo ndo naitamani hapa kwetu.

Kuna mtu ataniambia mama, porini kuna tumbusi, kuna fisi, waache wale, ndivyo Mungu alivyopanga. Ni kweli, na mbali na makazi mzoga msafi wala sio tatizo. Shida inakuja kwenye neno msafi. Huko Marekani wamepima tai 1,210 kutoka majimbo 38, matokeo yakatoka 2022, karibu nusu yao wana sumu ya ledi, ile metali nzito inayotengenezewa risasi, iliyokaa mwilini muda mrefu mpaka imeingia kwenye mifupa. Wanaitoa wapi? Risasi ya ledi ikiingia kwenye mnyama inasambaratika vipande vidogo vidogo ambavyo hata kwa macho huvioni, mwindaji anaondoka, tai anashuka anakula nyama pamoja na vile vipande. California wana ndege wao mkubwa anaitwa kondo, jamii ya tumbusi, 1982 walikuwa wamebaki 22 tu dunia nzima, na ledi ni moja ya vitu vilivyokuwa vinawamaliza, ndo mana jimbo lile tangu Julai 2019 hairuhusiwi kuwinda na risasi za ledi. Na sisi magobori yetu ya vijijini yanajazwa nini? Ledi hiyo hiyo, na vipande vya chuma.

Ila kwetu hapa bunduki sio tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni sumu, na hapa naongea kitu ninachokiona kwa macho yangu juu ya kaunta. Mzee mmoja wa heshima zake, mfugaji, alikuja dukani akainamisha sauti, "Mama, nipe ile ya unga, ya fisi." Nikamuuliza baba anaitumiaje. Akanionyesha kwa vidole, unachukua mbuzi aliyeliwa jana, unapasua paja hivi, unaijaza ndani, unafunga na ngozi, unaacha nje ya boma. Nikamwambia hiyo siuzi na anayeuza anavunja sheria, tena sio moja. Akanunua dawa ya minyoo akaondoka kanuna. Najua kuna sehemu ataipata, kwa sababu sumu za wadudu wa shambani zinauzwa mpaka kwenye meza za mnadani zikiwa zimefungwa kwenye vimfuko havina hata lebo.

Sasa fuata ule mzoga wa mbuzi. Usiku anakuja fisi anakula anakufa, asubuhi tumbusi wanashuka kwa fisi na kwa mbuzi, mbwa wa boma naye anapitia, mbweha anakuja jioni. Kila anayekufa anageuka kuwa chambo cha mwingine. Februari 2018 maeneo ya Ruaha walikutwa simba 6 na tumbusi 74 wamekufa kwa sumu. Juni 2019 Botswana walikufa tumbusi 537 kwa mpigo, pale wawindaji haramu walitia sumu mizoga ya tembo watatu. Watafiti waliokusanya taarifa za vifo vya tumbusi kutoka nchi 26 za Afrika waliona asilimia 61 ni sumu. Tumbusi anataga yai moja, na sio kila mwaka, sasa wakiondoka 74 asubuhi moja unawarudisha lini?

Mtu wa mifugo kama mimi lazima awaze na India. Kule haikuwa sumu ya makusudi, ilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu wanayochomwa ng'ombe, tumbusi akila ng'ombe aliyekufa akiwa na hiyo dawa mwilini figo zinakufa. Jamii tatu za tumbusi zilipungua zaidi ya asilimia 90 ndani ya miaka michache, serikali ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo 2006. Mizoga ikabaki inaoza, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na mbwa wakiongezeka kichaa kinapata njia.

Kichaa cha mbwa ndo sababu nyingine inayonikosesha usingizi. Mbweha anayeingia uani mchana kweupe, hakimbii watu, anang'ata hata kuni, huyo mara nyingi sio mwizi wa kuku, ni mgonjwa. Watoto wa mtaa wetu waliwahi kumuua mmoja wa hivyo kwa mawe, wakamfunga kamba wakawa wanamburuta barabarani wanacheka, mate yanamtoka mdomoni, na mbwa wanamfuata nyuma wanamnusa. Niliita afisa mifugo, mbwa wale wakachomwa chanjo, watoto tukawaosha mikono kwa sabuni na maji mengi na wazazi wao wakawapeleka hospitali, ashukuriwe Mungu hakuna aliyeugua. Wataalamu wanakadiria watu kama 1,500 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka Tanzania, wengi wao watoto. Wenzetu wa Texas walipata janga hilo kwa koyote kusini mwa jimbo miaka ya 90, kuanzia 1995 wakawa wanamwaga vyambo vyenye chanjo kwa ndege, na 2007 Marekani ikatangaza kichaa kile kinachozunguka kwa mbwa wameshakitokomeza. Sisi ndege za kumwagia chambo hatuna, lakini kuchanja mbwa wa kijiji asilimia 70 kunatosha kukata mnyororo, na hilo limefanyiwa kazi miaka mingi hapo hapo wilaya ya Serengeti.

Nirudi kwenye mzoga. Nachowaomba wafugaji wenzangu ni hivi, ukiua mbweha au fisi karibu na makazi usimguse kwa mikono mitupu, vaa glavu, kama huna vaa hata mfuko wa rambo mkononi, mchimbie shimo refu ambalo mbwa hafukui, rundika mawe na miba juu. Kama alikuwa na tabia za ajabu usimzike kwanza, funga mbwa na watoto mbali, mpigie afisa mifugo, manake kichwa chake kinaweza kupimwa maabara na hapa Arusha maabara ya mifugo tunayo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima alafu hospitali siku hiyo hiyo, sio kesho, sio kwa mganga. Na uripoti, kwa sababu mnyamapori hata akifa bado ni mali ya serikali, ngozi au mkia wake ni nyara, kijana anaweza kulala ndani kwa sababu ya kipande cha ngozi alichokiona ni pambo la kawaida tu.

Wale wanaosema bila sumu hawawezi kulinda mifugo, waende Simanjiro wakaone maboma yaliyozungushiwa waya na miti hai ya mbambara, miti inakua inashika waya, fisi anazunguka usiku kucha anaondoka na njaa yake. Inagharimu, ndio. Lakini hata kuua hakujawasaidia sana hao Wamarekani, mwaka 2018 peke yake idara yao ya kudhibiti wanyama waharibifu iliua koyote zaidi ya 60,000, sumu walizitumia miongo na miongo mpaka Rais Nixon alipozuia matumizi yake kwenye ardhi ya serikali kuu 1972, na leo koyote yuko kila jimbo isipokuwa Hawaii na amefika mpaka Panama.

Kwa halmashauri zetu, Arusha, Monduli, Longido, Meru na hata majirani wa Moshi na Hai, ombi langu ni dogo. Kwenye mikutano ya vijiji inayoongelea wanyama waharibifu wekeni ajenda ya mzoga, kijiji kijue namba ya kupiga, kijue nani anakuja na glavu na koleo, na wakaguzi wapite kwenye zile meza za mnadani siku ya mnada wenyewe, sio siku ambayo hakuna mtu. Hapo jirani Mweka kuna chuo cha wanyamapori tangu 1963, wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika, sidhani watakataa kuja kukaa na wafugaji chini ya mti wakaeleza haya kwa lugha ya kawaida.

Na wewe Mhariri, kama una mwandishi huku kaskazini, mtume mnadani aulize tu bei ya ile dawa ya unga.

Mimi msomaji wako,
Mama mwenye duka la dawa za mifugo,
Ngaramtoni, Arusha