Kabla hujapakia mzigo wa kuvuka Namanga

Tangu meli nyingi zianze kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, wenye maduka wanatuuliza sisi tunaowatolea mizigo forodhani swali lilelile: bidhaa hii siwezi kuipata nchi jirani? Mwaka 2022 ilikuwa mafuta ya kula. Vita vya Ukraine vilibana alizeti, Indonesia ikazuia mawese kuuzwa nje kwa wiki kadhaa, bei ya dumu ikapaa.

Mara nyingi inapatikana. Kinachokwamisha ni karatasi. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi mwanachama, mradi uthibitishe asili yake. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unatoshwa na cheti cha uasili kilichorahisishwa, na afisa forodha anakitoa mpakani hapohapo. Wengi hawakijui. Wanapitisha mzigo kwa bodaboda njia za panya, wakikamatwa wanapoteza mtaji, na ushuru waliokuwa wakiukimbia wala haukuwepo!

Ila cheti hicho hakifuti VAT wala vibali vya ubora. Na mawese ya Malaysia ukiyamimina tu kwenye madumu ukiwa Arusha hayageuki kuwa ya Tanzania. Afisa akitilia shaka, ataomba ankara ya ulikonunua.

Kwenye mahindi tuwe wakweli zaidi, maana jirani naye hufunga mlango. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Pima mzigo ukiwa bado ghalani. Lori likishafika foleni, kila usiku linaolala hapo unaulipia wewe.

Bei kutopanda hatuwezi kukuahidi. Lori linakunywa dizeli, na dizeli inatoka ng'ambo kama ngano. Unachopunguza ni safari ya baharini, na wiki za kusubiri kontena ambalo pesa yako imeshalala ndani yake.

Tutumie WhatsApp ankara na picha ya lebo kabla hujapakia. Kukuangalizia karatasi hatutozi. Tunatoza tukishaanza kutoa mzigo.