Barua ya Wazi kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani: Tufundisheni Kupenya

Afande Kamanda, shikamoo.

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Dar es Salaam, kijiwe changu kipo Ubungo. Leseni ninayo, bima haijaisha, na kofia ngumu, ile ambayo kijiweni bado wapo wanaoiita "elementi", ninazo mbili, yangu na ya abiria. Ya abiria inanuka vichwa vya watu wote niliowahi kuwabeba, na visingizio vya akina dada vya kutoivaa vinahitaji barua yao. Natangulia kusema haya usije ukadhani nimekamatwa ndiyo maana nalalamika. Sijakamatwa.

Nakuandikia kuhusu kupenya. Ile nafasi inayobaki kati ya mstari mmoja wa magari na mwingine foleni ikisimama, kila asubuhi tunapita humo kwa mamia. Tunapita mbele ya askari wako, na mara nyingi askari mwenyewe anatupungia mkono tusogee mbele kabisa, ili akiruhusu magari sisi tuwe tumeshatoka. Anafanya la maana. Pikipiki hamsini zikijipanga nyuma ya magari kama magari, foleni ya Ubungo itafika Kimara.

Lakini mafunzo niliyopitia mimi hayakugusa jambo hili hata kwa bahati mbaya. Tulifundishwa alama, tukafundishwa kusimama kwenye zebra, tukafundishwa kulipita gari kwa upande wa kulia. Kupenya, ambako ndiko kazi yenyewe, hakukutajwa. Ni kama kumfundisha mtu uvuvi bila kumtajia maji. Siwalaumu walimu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, na mwaka huo nani alikuwa anaijua bodaboda? Hata kanuni zilizotupa leseni ya kubeba abiria ni za mwaka 2010 tu. Sisi tumekuja nyuma ya kitabu.

Nijuavyo, jibu la haraka litakuwa kwamba basi tusipenye. Afande, abiria anayepanda boda ananunua dakika. Angekuwa na muda angepanda daladala kwa mia kadhaa akasinzia dirishani. Boda inayosubiri kwenye foleni ni bajaji isiyo na paa, haina mteja. Mwenye pikipiki naye anasubiri hesabu yake jioni, na foleni haimhusu. Ukitukataza tutapenya hivyo hivyo, ila tutapenya kwa kasi zaidi kwa kumkimbia askari.

Nikusimulie kilichonipata, ndipo utaelewa ninachokuomba.

Nilikuwa na mwaka wa tatu barabarani. Hesabu ya bosi ilikuwa shilingi 8,000 kwa siku, na siku hiyo hadi saa nne asubuhi nilikuwa na 3,500 mfukoni. Nikapata mama mmoja Ubungo, anakwenda Buguruni. Alikuwa amejitanda khanga, akakaa upande, miguu yote kushoto. Tukashuka na barabara ya Mandela. Baada ya kituo cha External foleni ikawa imeganda, nami nikaingia katikati kama kawaida: kulia kwangu lori lenye tela linaloelekea bandarini, kushoto kwangu Noah. Mwendo arobaini, labda na kidogo. Vioo vyangu nilikuwa nimevikunja ndani, kama tufanyavyo wengi, maana kwenye kupenya kioo ndicho kinachogusa kwanza. Kwa hiyo nyuma nilikuwa sioni kabisa, na mbele nilikuwa naona kipande cha lami chenye upana wa mlango wa choo.

Kijana muuza maji akatokea mbele ya pua ya lori, katoni begani. Hakuwa na kosa. Ile njia yetu ni njia yao pia, wao wanaipita kwa miguu na maji, karanga na chaja za simu. Nikabana breki ya mbele kwa pupa, pikipiki ikalala. Kijana akaruka, chupa zikatawanyika lami nzima. Mama akaenda chini kwa mgongo, upande wa lori.

Na foleni ikafunguka wakati ule ule. Nikasikia lile lori likitoa upepo wa breki, pssss, ule mlio wa lori linalotaka kuondoka.

Aliyetuokoa ni tandiboi, msaidizi wa dereva wa lile lori. Alikuwa amekaa kiti cha kushoto, dirisha wazi, anakula muhogo. Akaupiga mlango kwa kiganja, paa paa paa, huku anapiga kelele, "Kanyaga breki! Kanyaga breki!" Lori lilikuwa limeshasogea kama hatua moja ya mtu mzima. Lilipotulia, khanga ya mama ilikuwa chini ya tairi, na mama mwenyewe yuko pembeni yake, mzima, hana hata sauti ya kulia.

Dereva akashuka. Mzee wa makamo, kandambili miguuni, taulo shingoni. Nilikuwa nasubiri kofi, na ningelipokea. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akasema, "Panda."

"Nipande wapi, mzee?"

"Panda kwenye kiti changu."

Nikapanda. Nyuma honi zilikuwa zinalia kama msafara wa harusi. Akaniambia niitafute pikipiki yangu bila kutoa kichwa dirishani. Nikatazama kioo cha kushoto: tela, lami, na kipande cha Noah. Nikatazama dirisha la kushoto: paa la Noah. Pale chini palikuwa na pikipiki imelala, mama amekaa anafuta kiwiko, tandiboi anamsaidia, kijana anaokota chupa zake. Kutoka kwenye kile kiti sikumwona hata mmoja.

"Umeona?" mzee akaniuliza kutoka chini. "Ukiwa hapo, wewe haupo."

Mama alichubuka kiwiko tu. Alikataa kupanda tena, akamalizia safari kwa miguu, na bado alining'ang'aniza nichukue nusu ya nauli. Mpaka leo ile nusu nauli inanisumbua kuliko deni lolote.

Tangu siku hiyo sijapita tena kushoto kwa lori ambalo injini yake inaunguruma, hata abiria anichape mgongoni. Si kwamba nimekuwa mtu mwema kuliko wenzangu. Nimekaa kwenye kile kiti, basi. Dakika tano za yule mzee zilinifunza kitu ambacho stika wala bango halijawahi kunifunza.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: kupenya kuandikwe. Kuwe na mwongozo unaosema wazi kwamba jambo hili lipo, linaruhusiwa mahali gani, kwa mwendo gani, na lini ni marufuku. Halafu kila anayetafuta leseni ya bodaboda akalishwe kwenye kiti cha dereva wa lori, pikipiki iegeshwe kushoto kwa lori, aambiwe aitafute.

Ya kuandika tunayo, maana kijiweni tuna kanuni zetu ambazo kila mtu anazijua na hakuna aliyeziandika. Unaingia foleni ikiwa imesimama au inatambaa. Ikianza kukimbia, unarudi kwenye mstari na unakuwa gari kama magari mengine. Hupiti kati ya magari makubwa mawili hata ukiwa peke yako. Hupiti kushoto kwa daladala, maana konda anashusha popote, na abiria wake anaruka kabla ya kutazama. Unaangalia tairi za mbele za gari, huangalii indiketa, kwa sababu indiketa ya Dar ni mapambo ila tairi likikata utaliona kabla bodi haijageuka. Magoti ya abiria ndiyo upana wako, si usukani. Ukibeba mtu aliyekaa upande, au mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja (na mishikaki hupaswi kubeba hata barabara ikiwa tupu), umekuwa mpana kama bajaji na utulie kwenye foleni. Na ukigusa kioo cha mtu, unasimama na kuomba radhi. Hili la mwisho ndilo tunalolivunja zaidi, nakiri mbele yako. Kijana anavunja kioo cha watu cha laki kadhaa, anapotelea katikati ya magari, halafu kesho yake tunashangaa kwa nini wenye magari wanatubana makusudi.

La mwendo ndilo gumu zaidi kuwaingia vijana. Kwa kilomita 30 kwa saa pikipiki inakwenda mita 8 hivi kila sekunde. Kwa 50 inakaribia mita 14. Sekunde moja ndiyo anayoitumia mtu kushtuka tu, kabla mkono haujashika breki. Mimi siku ile nilikuwa kwenye mita 11 kwa sekunde, na kijana wa maji alitokea umbali wa Noah moja. Jimbo la New South Wales kule Australia liliruhusu pikipiki kupenya kuanzia tarehe 1 Julai 2014, na likaweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa. Mwanafunzi wa udereva haruhusiwi kabisa, na kwenye maeneo ya shule, saa za wanafunzi, haruhusiwi mtu yeyote. Usishangae nimeyapata wapi. Simu ninayo, na kusubiri abiria saa nane mchana ni kazi ndefu.

Lipo na la California, Marekani, ambalo linakuhusu wewe hasa. Polisi wa barabara kuu wa jimbo lile waliandika mwongozo wa kupenya, kisha mwaka 2014 wakalazimika kuuondoa baada ya kulalamikiwa kwamba wanatunga kanuni bila mamlaka. Hawakuishia kusema yameshindikana. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria inayotaja kupenya kwa jina na kuwapa polisi wale wale idhini ya kuandika mwongozo wa kufundishia, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2017. Nalitaja ili mtu asije akakwambia kwamba polisi hawatungi sheria. Kweli hawatungi, ila wanaweza kubisha hodi kwa wanaotunga.

Wenye magari nao wana sehemu yao. Dereva wa mstari wa kulia akijivuta kulia kidogo, na wa mstari wa kushoto akajivuta kushoto, njia inakuwepo na vioo vyao vinapona. Wapo wanaofanya hivyo kila siku, nasi tunawanyooshea kidole gumba. Wapo pia wanaofungua mlango katikati ya foleni kutema mate bila kutazama kioo. Na wapo wanaoziba nafasi kwa roho mbaya tu, gari linasogezwa nusu mita kulia ili boda isipite. Siwadai watupende. Ila mtihani wa leseni ya gari ukiwa na swali moja, "Ufanye nini kabla ya kufungua mlango ukiwa kwenye foleni?", halitaharibu kitu.

Kutanua sikutetei, isije ikaonekana nachanganya. Anayepanda na pikipiki kwenye njia ya waenda kwa miguu, anayerudi kinyume kwenye mkondo wa magari, anayekimbia ndani ya njia ya mwendokasi huku basi linakuja nyuma yake, huyo mkamate, na mimi nitakuonyesha kijiwe chake.

Jambo la pili ni dogo, ni rangi tu. Kwenye makutano yenye taa, mstari wa kusimama magari urudishwe nyuma mita chache, na mbele yake kichorwe kisanduku cha pikipiki. Taiwan wanafanya hivyo siku nyingi. Sasa hivi tukifika mbele tunasimama juu ya zebra, kwa sababu hatuna pengine, na mwenye mtoto mkononi anatuzunguka kwa kupita katikati ya makutano. Taa ikiwaka kijani, boda zote zinatoka kwa mpigo huku magari yanazisukuma kwa honi. Kisanduku kingetutoa kwenye zebra. Najua rangi za barabarani si kazi ya kikosi chako, wenyewe ni wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, ila barua yako itasomwa haraka kuliko yangu.

Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikija, naomba mje Ubungo na lori moja. Si lazima liwe jipya wala lioshwe. Hata mkilikosa, kuna dereva jirani yetu kijiweni ambaye hulaza lake hapo Jumamosi usiku na kuondoka Jumapili saa tano, na nimeshamwomba. Amekubali, kwa sharti kwamba wanaopanda wavue viatu. Mimi nitaleta pikipiki yangu na kuilaza kushoto kwa lori, mahali pale pale. Askari wako wa makutano nao wapande, wa kwanza wao.

Wako mtiifu,
Dereva wa bodaboda, Ubungo