Barua kwa mwanangu: kalamu yako na pesa yako

Mwanangu,

Salaam kutoka Mtwara. Umekabidhiwa habari za uchumi, na msimu wa korosho unafunguliwa Oktoba. Nisikilize kabla hujaandika.

Bei ya mnada siyo bei ya mkulima. Ukiandika korosho imefika shilingi 3,000 ukaishia hapo, mkulima wa Tandahimba mwenye kilo 400 atatarajia 1,200,000. Kumbe kuna makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafirishaji. Tuseme makato ni 250 kwa kilo: anapokea 1,100,000. Hiyo laki moja atadhani viongozi wa AMCOS, yaani chama cha msingi, wameila, na msimu ujao atawauzia watu wa kangomba, wanunuzi haramu wanaopita vijijini, kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo andika bei ya juu na ya chini, tani zilizouzwa, makato kwa kilo, na siku ya malipo.

Usikimbilie kuandika kwamba bei imeporomoka. Uliza kwanza ubora wa mzigo wa kila ghala. Wapimaji huchukua kilo moja ya korosho ghafi, wakaikata na kupima karanga, yaani viini vilivyomo ndani ya maganda. Zenye madoa huhesabiwa nusu ya uzito wake. Wakipata gramu 272, zidisha kwa 80, gawanya kwa 453.6, ambazo ni gramu za ratili moja: ni ratili 48 za karanga kwa gunia la kilo 80. Ghala lenye ratili 44 halitapata bei ya hilo, hata soko likiwa zuri. Mvua ikinyesha korosho zikiwa hazijaanikwa vizuri, ubora hushuka, na bei nayo hushuka.

Kuhusu akiba yako: usinunue hisa za kampuni unayoiandika. Ukiwa unaandika habari za benki, hisa za CRDB na NMB waachie wengine. Nunua hati fungani za serikali, yaani uikopeshe serikali, uzishike hadi ziive, riba yake inaingia kila miezi sita, au vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako wewe huchagui hisa. Hesabu za kampuni ukizijua Alhamisi nazo zinatangazwa Jumatatu, siku hizo hununui wala huuzi. Kumdokeza mjomba wako ni kosa lilelile. Mhariri wako awe na orodha ya kila ulichonacho, pamoja na alivyonavyo mumeo, maana mkate mnaula pamoja.

Mnada wa kwanza ukitangazwa, nipigie. Nitakutajia makato ya chama chetu, uyalinganishe na ya wenzetu wa Nachingwea kabla hujapeleka habari.

Baba yako