Chanjo ya ndigana kali Jumamosi: leteni idadi ya ndama

Ndugu wafugaji, habari za leo. Atakayechanjisha dhidi ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, aandike hapa idadi ya ndama kabla ya Alhamisi jioni. Mrija mmoja wa chanjo una dozi 40. Ukishatolewa kwenye nitrojeni ya kimiminika na kuyeyushwa haurudishwi, na unatakiwa uishe ndani ya saa chache. Tukifika ndama 43, wale watatu wa ziada watatufungulisha mrija wa pili na dozi 37 zitapotea, kwa hiyo tujazane.

Ndama awe amefikisha mwezi mmoja, mzima, hana homa. Atachomwa mililita 1 chini ya sikio na, muda huohuo, dawa ya antibiotiki, oksitetrasiklini ya asilimia 30, kwenye msuli, mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Hapa ndipo watu huharibu. Chanjo hii ni vimelea hai. Dawa ndiyo inayovizuia visimwangushe mnyama. Mkikadiria kwa macho, ndama wa kilo 90 akaitwa wa 60, anapata mililita 6 badala ya 9 na anaweza kuugua ndigana yenyewe. Tutapima kifua kwa utepe ili kujua uzito, hata kama foleni itakuwa ndefu.

Wiki tatu za mwanzo angalieni homa na tezi zilizovimba. Mkiona, mwiteni daktari siku hiyohiyo.

Kuogesha kwa dawa ya kupe kuendelee. Chanjo haizuii magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, maji moyo wala kukojoa damu.